Kengele Katika Nyumba ya Dobi

Scholastique alitunza funguo kumi na tisa za nyumba isiyo yake, na kila mmoja aliujua kwa kuupapasa tu. Kwa miaka mitano, kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi, alifika pale saa mbili asubuhi, akafungua madirisha ya chini, akapangusa vumbi kwenye viti ambavyo mtu haruhusiwi kuvikalia, kisha akapanda ngazi kwenda kutandika upya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia tangu mwaka 1968. Hilo la kitanda lilimchekesha. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyetoka Kivu kwa miguu, akalala chini kambini miaka kumi na miwili, leo anapokea mshahara kwa kumtandikia marehemu.

Nyumba hiyo iliitwa Vandeveer, na watu wa huko waliiheshimu kama kanisa. Ukitoka fleti za Sharpstown alikokaa Scholastique, unashika barabara kuu ya kusini-magharibi, unaiacha Houston nyuma yako, unapita maghala na maduka ya magodoro, mpaka unaanza kuona pamba pande zote mbili za njia. Scholastique hakujua kuendesha gari. Alijaribu mtihani mara mbili, akafeli mara mbili, na hakupenda kuulizwa habari zake. Aliyempa lifti ni Kerubo, Mkenya wa Kisii aliyekaa Alief. Kerubo alisomea uuguzi, na alilipia masomo kwa kuongoza wageni pale Vandeveer. Alimwita Scholastique Mama Zoé, kwa jina la binti yake, naye akaitwa binti yangu. Kiswahili cha kila mmoja kilimchekesha mwenzake tangu siku ya kwanza, lakini walielewana vizuri kuliko walivyoelewana na mtu mwingine yeyote kazini.

Historia ya nyumba ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi sita, na Kerubo alilazimika kuzikariri. Alizikariri ndani ya gari, akizigeuza kwa Kiswahili ili Mama Zoé naye asikie. Nyumba ilijengwa mwaka 1857. Matofali yalifyatuliwa kwa udongo wa mto. Mihimili ilichongwa kwa mkono. Pamba ililimwa, kisha miwa ikapandwa, sukari ikapikwa, ukumbi ukapakwa rangi ya kijani iliyoagizwa Ulaya.

"Na nani?" Scholastique akauliza.

Kerubo hakuelewa. Scholastique akamweleza kwamba huwezi kumwambia mtu matofali yalifyatuliwa, ukanyamaza. Yalifyatuliwa na nani? Kerubo akarudi nyuma kurasa mbili, akaenda mbele kurasa tatu. Karatasi hazikusema. Kulikuwa na mjenzi aliyetajwa kwa jina, na mwenye shamba, na mke wake aliyechagua ile rangi ya kijani. Vitu vingine vyote vilikuwa vimejifanyia vyenyewe. Mahali pamoja tu, katikati ya ukurasa wa nne, yalikuwepo maneno matatu: wafanyakazi wa shamba. Si kwamba ilikuwa siri. Vitabu vilivyokuwa ndani ya nyumba ileile, ambavyo Scholastique alivipangusa kila Jumatano, vilieleza wazi kwamba kwanza walikuwa watumwa, na watumwa walipopata uhuru wakaletwa wafungwa, wakakodishwa kutoka jela kama ng'ombe wa kulimia. Karatasi za wageni tu ndizo zilizojitia hamnazo.

Ukurasa wa tano ulikuwa wa furaha. Mwaka 1919 nyumba ilinunuliwa na familia ya Crane, matajiri wa mafuta kutoka mjini, wakaifanya ya mapumziko. Walijenga veranda ya nyuma na uwanja wa tenisi, wakawa wanafika mwisho wa wiki na wageni wao. Mwanamke wa mwisho wa ukoo huo alifia kwenye kile kitanda, akaiachia nyumba jumuiya ya kutunza mambo ya kale. Tangu hapo, siku za kazi walikuja watoto wa shule, na Jumamosi ziliachiwa harusi.

Nyuma ya jiko, hatua kama arobaini hivi, kulikuwa na kijumba cha matofali chenye vyumba viwili, mlango mmoja na dirisha moja. Karatasi ilikipa mstari mmoja tu: nyumba ya dobi. Ndani mlihifadhiwa viti vya harusi.

Siku yake ya kwanza kazini, Scholastique alizunguka na ufagio wake, akakiona, akasema bila kufikiri, "Ah, boyerie nayo iko hapa."

Kerubo akasema hapana, hiyo ni SQ.

Wakatazamana, kisha wakaanza kuelezana. Boyerie, kwa Wakongo, ni vile vijumba ambavyo Wabelgiji walivijenga nyuma ya nyumba zao, walale mpishi na dobi na mlinzi, wao na wake zao na watoto wao. SQ, kwa watu wa Nairobi, ni vilevile, ila vya Waingereza, na siku hizi vinapangwa na wanafunzi. Kerubo mwenyewe alikaa SQ miaka mitatu kule Kileleshwa, anaoga akiwa amesimama juu ya choo. Walicheka sana asubuhi ile. Mmoja aliita hivi, mwingine aliita vile, lakini hakuna hata mmoja aliyekiita nyumba ya dobi. Mtu aliyekulia ndani ya kitu hahitaji kusomewa karatasi.

Na Scholastique alizaliwa humo. Si humo hasa, bali ndani ya ndugu wa kijumba kile, kwenye shamba la kwinini katika milima ya juu ya Ziwa Kivu, nyuma ya nyumba ya Madame Lambotte. Baba yake, Mugisho, aliingia kwa Madame akiwa na miaka ishirini na mmoja, mwosha sufuria, na akatoka akiwa mpishi mkuu, baada ya miaka thelathini na mmoja. Jina lake halikuwahi kutamkwa kutoka kwenye ile veranda. Aliitwa boy. Aliitwa boy alipooa, akaitwa boy alipozaa, na ndevu zilipoanza kuwa na mvi bado alikuwa boy. Tena mara nyingi hawakuhangaika hata na hilo. Walivuta kengele.

Wao waliiita sonnette. Waya ulitoka chumbani kwa Madame, ukapita juu ya uwanja, ukaingia katika ukuta wa boyerie na kuitikisa kengele ndogo ya shaba. Scholastique alikumbuka vitu vichache vya utotoni, lakini chai ya baba yake aliikumbuka vizuri. Mama aliimimina, baba akaketi kwenye jiwe la mlangoni, akapuliza mara moja, na kengele ikalia. Akainuka. Kikombe kikabaki juu ya jiwe. Alikuja kuinywa baadaye, imepoa, tena akiwa wima. Scholastique hakuwahi kumwona baba yake akimaliza kikombe cha chai ya moto.

Alipokuwa na miaka minane, serikali iliwanyang'anya wageni mashamba na kuwagawia wananchi. Shamba la Madame alipewa mheshimiwa mmoja wa mjini, na jambo la kwanza alilolifanya ni kubomoa boyerie, kwa sababu ilimharibia mandhari. Walipewa siku mbili kufunga virago. Matofali yalipakiwa kwenye lori, yakaenda kujenga baa. Mugisho alisimama barabarani na sufuria zake akatazama mpaka lori likazunguka kona. Alikufa miaka tisa baadaye, na hakuwa amepika nyumbani kwa mtu mwingine tena.

Hayo Scholastique alikuwa ameyazoea. Kilichomchoma kilikuja baadaye sana, huku huku Texas, siku binti yake alipomwonyesha kwenye simu makala ya Kifaransa kuhusu nyumba za kale za Kivu. Nyumba ya Madame ilikuwamo, imepakwa rangi mpya. Ilitajwa pamoja na jina la aliyeichora, na jina la Madame, na wageni wake mashuhuri, na mbwa wake, Filou, aliyezikwa bustanini chini ya jiwe lenye maandishi. Scholastique aliisoma mara mbili. Mbwa yumo, baba yake hayumo. Pale ambapo angekuwepo palikuwa na nyasi.

Kwa hiyo Januari ile, Bi Whitlow, mwenyekiti wa jumuiya, alipomwomba atoe viti kwenye nyumba ya dobi, Scholastique alishajua si habari njema kabla hata hajasikia sababu. Bi Whitlow hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mlimau nyumbani kwake, na kila msimu alimletea Scholastique mfuko mzima. Alieleza kwa upole, polepole, kwa Kiingereza cha kumsaidia mtu anayejifunza: wageni wa harusi hawana pa kuegesha magari. Kamati itapiga kura Alhamisi ya wiki ijayo. Kijumba kitavunjwa mwezi Machi, pawekwe lami na vyoo. Hakina historia yoyote, akasema.

Scholastique aliitikia kwa kichwa, kama alivyowaitikia mabosi maisha yake yote, akaenda juu kusugua beseni la kuogea ambalo lilikuwa safi. Alilisugua kwa hasira. Alimkasirikia Bi Whitlow na malimau yake, akaikasirikia karatasi, na zaidi alijikasirikia mwenyewe kwa kuitikia kwa kichwa.

Jumapili, baada ya ibada, alimpigia kaka yake Gracien aliyekaa Euless, kaskazini huko, akipakia mizigo uwanja wa ndege. Gracien alimzidi miaka saba, na kumbukumbu zake zilikuwa na pembe na vipimo. Alimuuliza swali moja: sonnette ya kwao ilikuwa wapi hasa?

Gracien hakusita. Ilikuwa juu ya kitanda cha mama, kwenye ukuta unaoitazama nyumba kubwa. Waya hauzunguki, akasema. Unachukua njia fupi. Kisha akauliza anataka kujua kwa nini, na aliposikia akahema kwenye simu.

"Ile nyumba haiko yako, mudogo wangu," akasema. "Utapoteza kazi juu ya matofali?"

"Ya kwetu walivunja, na tulikuwa tunaangalia tu," akasema Scholastique.

Gracien akamwambia afanye anavyoona, ila asimwambie kwamba hakuonywa.

Jumanne alitoa viti mia mbili na kumi kwenye nyumba ya dobi, kama alivyoagizwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuagizwa. Alisimama katikati ya chumba cha ndani, akautafuta ukuta unaoitazama nyumba kubwa, akaanza kuukwangua kwa ule ufunguo mzito wa mlango wa mbele. Chokaa ilikuwa nene, tabaka juu ya tabaka. Ilimchukua karibu saa nzima, na alikuwa ameanza kukata tamaa ufunguo ulipogonga chuma. Kilikuwa kibati chenye ukubwa wa kiganja, na juu yake kipande cha springi iliyojiviringisha, imeshika kutu, na pembeni tundu dogo lililopenya mpaka nje. Kengele yenyewe haikuwepo. Scholastique alilijua tundu lile kama mtu anavyolijua kovu la mwilini mwake.

Akapanda juu, kwa sababu waya una ncha mbili. Kando ya kitanda cha marehemu, nyuma ya pazia, palikuwa na kishikio cha shaba alichokuwa akikidhania swichi ya umeme ya zamani. Alikishika, akakivuta kidogo. Kilikubali. Ndipo alipoketi sakafuni. Kwa miaka mitano, kila Ijumaa, alikuwa akiking'arisha kishikio kile kwa kitambaa na dawa ya shaba mpaka kinatoa mwanga, na Bi Whitlow alikuwa amemsifu kwa hilo.

Kerubo alipomaliza zamu, Scholastique alimpeleka akaone vyote viwili. Kerubo alisimama kwa ncha za vidole chini ya kile kibati, akamulika kwa simu, akachungulia kwenye tundu, akaona dirisha la chumba cha marehemu moja kwa moja upande wa pili. Akasema hii ni SQ, haina mjadala. Scholastique akamwomba aende naye kwenye mkutano amfasirie. Kerubo akaenda kuwasha gari. Alihitaji kazi ile. Ilibaki mihula miwili amalize chuo, na saa za pale zilimfaa kuliko kazi nyingine yoyote. Walikuwa wamekaribia Alief alipolijibu swali la saa nzima iliyopita.

"Nita-translate," akasema. "But utaongea wewe, Mama Zoé. Mimi nitafuata tu nyuma."

Mkutano ulifanyika Alhamisi saa kumi alasiri, kwenye chumba cha kulia chenye ile rangi ya kijani. Wanakamati walikuwa tisa. Scholastique aliwaandalia kahawa, kama kawaida, akawagawia vikombe, na badala ya kutoka akasimama kando ya kabati la vyombo. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Bi Whitlow alisoma ajenda, akafika kwenye nyumba ya dobi, akauliza, kama kanuni zilivyotaka, iwapo yupo mtu wa nje anayetaka kusema neno. Kila mtu ana dakika tatu.

Scholastique akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Kerubo akaja kusimama karibu naye. Scholastique alikuwa amejiandalia sentensi moja ya Kiingereza, na hiyo moja ikamkimbia. Basi akasema kwa Kiswahili, cha kwao, bila kukinyoosha.

"Ile haikukuwa nyumba ya nguo. Ile ni boyerie. Na mimi nilizaliwa mu boyerie, najua."

Kerubo alilipima neno lile kichwani, akalitafsiri kwa jina ambalo kwao Kenya Waingereza waliliacha, lile ambalo babu zao walilitumia kabla ya SQ. Akasema kilikuwa kijumba cha boys.

Wanakamati wakatazamana. Mwanamume mmoja mwenye miwani akauliza ni wavulana wa nani, maana Bwana Vandeveer, kwa anavyokumbuka, alizaa mabinti watupu. Mwingine akasema pengine ni watoto wa familia ya Crane walipokuwa wakicheza. Bi Whitlow alishafungua faili lake, akapekua kurasa akiwatafuta hao wavulana. Kerubo akatambua alichokifanya, na masikio yakamwaka moto. Alimwinamia Scholastique, akamwambia taratibu kwamba wanauliza ni boys gani, na walikuwa na umri gani.

Scholastique hakuelewa kwamba kulikuwa na kosa. Kwake lilikuwa swali la haki, na jibu lake alikuwa nalo.

"Boy ni baba yangu," akasema. "Alikuwa na miaka makumi tano na mbili."

Kerubo aliitafsiri neno kwa neno. Bi Whitlow akaacha kupekua faili.

Mwisho wa meza alikaa Bwana Tolliver, Mmarekani mweusi, mzee wa miaka sabini na minane aliyestaafu kuendesha basi la shule. Watu wake walikuwa wa upande ule ule wa mto, tangu enzi za pamba. Alikaribishwa kwenye kamati miaka mitatu nyuma, na katika miaka hiyo hakuna aliyemsikia akisema kitu zaidi ya kuomba dirisha lifunguliwe. Sasa aliweka kikombe chini. Alisema kwamba babu yake alikuwa shemasi, akazika wake wawili na kulea wajukuu kumi na wanne, na kila alipoingia dukani kununua unga aliitwa kwa neno hilohilo. Aliitwa hivyo mpaka alipokufa, ana miaka themanini na mmoja. Hakupandisha sauti. Alimtazama Scholastique, si Kerubo, akawaambia wenzake wamwache amalize.

Basi akamaliza. Akaeleza habari ya kibati, na tundu, na kishikio cha shaba alichokisugua kila Ijumaa. Dakika tatu zilikuwa zimepita zamani, na hakuna aliyezihesabu. Bi Whitlow alisikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli alisikiliza. Lakini alikuwa na harusi kumi na nane kwenye kalenda na watu wanaoegesha magari kwenye maua. Akasema, kwa upole wake uleule, kwamba huenda kengele ilitumika kumjulisha dobi alete nguo.

Hilo Scholastique alilielewa bila mfasiri.

"Nguo haziitwake na sonnette," akasema. "Sonnette inaita mutu. Na inamuita wakati ameshalala."

Kerubo alitafsiri, naye sasa hakuwa na haja ya kutafuta maneno. Bwana Tolliver akasukuma kiti nyuma, akasema anataka kuiona hiyo kengele. Wakapanda wote juu, mmoja nyuma ya mwingine, wakajipanga kukizunguka kitanda. Hapo hata yule mwenye miwani akaona jambo ambalo karatasi haikuwahi kumwonyesha: mkono wa mtu aliyelala pale ungefika kwenye kishikio bila hata kuinua kichwa kwenye mto. Wakashuka, wakavuka uwanja, wakaingia katika kijumba, wakasimama chini ya kibati chenye kutu. Hapakuwa na nafasi ya kutosha watu kumi na mmoja. Baadhi walibaki nje, wakachungulia.

Kura zilikuwa tano kwa nne. Kijumba kikabaki. Bi Whitlow alikuwa miongoni mwa wale wanne, na kesho yake aliacha mfuko wa malimau kwenye meza ya jikoni kama kawaida. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Gracien alipoambiwa akauliza mara tatu kama ni kweli, kisha akasema baba angecheka, ingawa wote wawili walijua kwamba hakuwa mtu wa kucheka.

Ilifuata kazi ya mwaka mzima, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya kusubiri. Bwana Tolliver alishinda siku nzima nzima kwenye ofisi ya kumbukumbu za kaunti, akisoma hesabu za watu za zamani zilizoandikwa kwa mkono. Alipopata alichokitafuta alimpigia Kerubo, akataka Scholastique asomewe simu ikiwa kwenye spika. Mwaka 1900, chini ya jina la mwenye nyumba ya Vandeveer, kulikuwa na watu wawili zaidi. Viney, mwanamke, miaka arobaini na mmoja, mpishi. Amos, mwanamume, miaka sitini na mitatu. Kazi: boy wa nyumba.

Scholastique aliomba umri wa Amos urudiwe. Ukarudiwa.

"Alipita baba kwa miaka," akasema, na hapo akalia, kwenye gari, mbele ya kituo cha mafuta, na Kerubo akampa tishu zilizobaki kutoka kwenye mfuko wa kuku wa kukaanga.

Karatasi za wageni ziliandikwa upya, na kamati ikamwachia Kerubo ukurasa wa nne. Aliandika kwa Kiingereza, lakini kila sentensi aliipitisha kwanza kwenye Kiswahili, aone kama Mama Zoé angeuliza. Chakula kilipikwa na Viney. Milango ilifunguliwa na Amos. Matofali ya mwanzo yalifyatuliwa na watumwa, na majina yao bado yanatafutwa. Ilikuwa karatasi yenye maneno mengi zaidi kuliko ya zamani, na wanafunzi wengine walipiga miayo, lakini hakuna kitu kilichojifanyia chenyewe.

Machi ya mwaka uliofuata, siku ileile ambayo lami ingekuwa imeshakauka, kijumba kilifunguliwa. Fundi wa saa kutoka mjini alikuwa ameweka waya mpya na kengele ndogo ya shaba inayofanana na ya zamani. Ndani kulikuwa na kitanda chembamba, meza, na vikombe viwili vya bati. Bi Whitlow mwenyewe alijitolea kuwapokea watoto wa shule kule juu na kuwaonyesha kishikio. Scholastique na Kerubo walipangiwa kuwasubiri kijumbani. Watoto walichelewa, kama watoto wa shule wanavyochelewa, kwa hiyo Kerubo akafungua chupa ya chai aliyotoka nayo Alief, chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, akamimina kwenye vile vikombe vya bati. Scholastique akaketi kwenye jiwe la mlangoni. Akapuliza mara moja.

Kengele ikalia.

Alikuwa ameshasimama. Hakujua ni lini aliinuka. Alijikuta wima, chai imemwagika mkononi, na kinywani mwake maneno yameshatoka, oui, Madame, kwa sauti ambayo haikuwa yake. Miaka hamsini na moja alikuwa hajaisikia, na miguu haikuwa imesahau. Aliona aibu. Alimtazama Kerubo akitegemea kucheka kwake, maana walikuwa wamezoea kuchekana.

Kerubo hakucheka. Aliokota kikombe, akakifuta kwa upindo wa sweta, akakijaza tena mpaka juu.

Kule juu watoto waligundua kwamba kishikio kinafanya kazi, wakaanza kugombania zamu. Kengele ikalia mara ya pili.

"Kaa, Mama Zoé," Kerubo akasema.

Akakaa. Kengele ikalia mara ya tatu, ndefu, ya mtoto asiyejua kuachia. Scholastique alikishika kikombe kwa mikono miwili akainywa chai yake, polepole, hakuacha, na ilikuwa ya moto mpaka tone la mwisho.